Kabla ya kuchimba sarafu, tulichimbue kwanza neno lenyewe

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea majuzi orodha ya istilahi alizokusanya kuhusu sarafu za kidijitali. Ni kazi ya jasho. Istilahi sitini na mbili, kila moja na fasili yake. Nilianza kuisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, tabia ambayo miaka thelathini na ushei ya ualimu imenigandisha nayo. Nilipofika ya kumi na nne nikakwama. Ameandika, "bwawa la uchimbaji". Fasili: mahali ambapo wachimbaji wengi wa sarafu huunganisha nguvu za mashine zao na kugawana mapato.

Nikamuuliza, "Bwawa hili lina maji gani?"

Akacheka. "Prof, si ndivyo Waingereza wanavyosema?"

Sivyo, msomaji mpendwa. Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana kwa sura lakini hayana undugu wowote. Moja ni la maji yaliyotuama. La pili lilitokana na neno la Kifaransa, poule, yaani kuku jike, ambalo wacheza kamari wa Ufaransa walilitumia kwa fedha zinazochangwa mezani kabla ya mchezo kuanza. Hilo la pili ndilo wachimbaji wa sarafu wanalolitumia. Kwa hiyo anayetafsiri "bwawa" ametafsiri pacha wa uongo. Nasi hapa Kenya hatukuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta neno. Watu wanapochanga nguvu zao na kugawana kinachopatikana kwa mujibu wa mchango wa kila mmoja, mama mboga wa Gikomba atakwambia bila kufikiri mara mbili kuwa hicho ni chama.

Hata hivyo, sikuyajua haya kwa sababu ni mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni mtu wa sarufi. Niliyajua kwa sababu nilimdhamini mtu mkopo.

Mtu huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana anayetengeneza kompyuta Githurai. Mwanzoni mwa mwaka wa 2022 alinipigia simu akasema, "Mjomba, siku hizi namaini." Mimi nilisikia "naamini", nikadhani ameokoka, nikamwambia Bwana asifiwe. Kumbe alikuwa ameliazima neno la Kiingereza la kuchimba madini na kulivika kiambishi cha Kiswahili, kama vijana wetu wafanyavyo kila uchao. Alipoona sielewi, akalileta nyumbani. "Nachimba sarafu, mjomba. Babu alichimba kwa sururu, mimi nachimba kwa kadi."

Hapo akanipata. Babu yake, yaani baba yangu mzazi, alifanya kibarua katika mgodi wa dhahabu wa Rosterman, Kakamega, enzi za mkoloni. Nililelewa kwa hadithi za mgodi huo. Kwetu sisi, neno "kuchimba" lina uzito wa watu waliokula vumbi wakasomesha watoto. Nikatia saini. Shilingi 300,000 kutoka kwa chama chetu cha akiba na mikopo, miezi arobaini na minane, akiba yangu ikiwa imefungwa kama dhamana. Sikuuliza ardhi inayochimbwa iko wapi.

Tuulize sasa.

Sitiari ya uchimbaji ilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka wa 2008, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walipotoa andiko la kurasa tisa kueleza sarafu ya Bitcoin, walilinganisha utoaji wa sarafu mpya na wachimbaji wa dhahabu wanaotumia rasilimali ili kuongeza dhahabu katika mzunguko. Tofauti, walisema, ni kwamba hapa kinachotumika ni muda wa kompyuta na umeme. Ulinganisho huo ulikuwa wa sentensi mbili hivi tu, lakini ukaota mizizi, na leo lugha kadhaa za dunia zinachimba.

Kinachofanyika hasa si uchimbaji. Ni ukarani wenye bahati nasibu ndani yake.

Fikiria daftari moja la hesabu ambalo nakala zake zimesambaa duniani kote. Kila baada ya muda, ukurasa mpya wenye orodha ya waliolipana lazima uongezwe. Hakuna benki wala msajili wa kuamua nani auandike. Basi hufanywa shindano. Kila anayetaka kuandika ukurasa huo hupewa fumbo, na atakayelifumbua kwanza ndiye anayeandika na kulipwa sarafu mpya. Bitcoin huongeza ukurasa, au bloku, takriban kila dakika kumi. Malipo yalianza kwa bitcoin 50 mwaka wa 2009, yakawa yanakatwa nusu kila baada ya bloku 210,000, na tangu Aprili 2024 ni 3.125.

Fumbo lenyewe halihitaji akili. Hili ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote. Linahitaji kusaga. Kuna ukokotoaji unaoitwa heshi, ambao huchukua maandishi yoyote, yawe mafupi kama jina lako au marefu kama Katiba, na kuyageuza kuwa namba moja yenye urefu maalumu. Ukibadilisha herufi moja tu, namba yote inabadilika. Ukiwa na namba, huwezi kurudi nyuma ukayapata maandishi. Neno hili katika Kiingereza cha jikoni ni nyama iliyokatwakatwa, nalo lilitoka katika kitenzi cha Kifaransa cha kukatakata. Mfano wenyewe unafaa. Paja lile lile la mbuzi ukilipitisha kwenye mashine ile ile utapata nyama ile ile ya kusaga, lakini hakuna mpishi atakayeirudisha ikawa paja.

Basi mshindani huchukua ukurasa wa daftari, huongeza tarakimu chache za kubahatisha, husaga, na kutazama kama namba iliyotoka ni ndogo kuliko kiwango kilichowekwa. Haikuwa ndogo? Hubadilisha tarakimu, husaga tena. Na tena. Ni kama mtu aliyesahau namba za kufuli la sanduku, akawa anajaribu 000, 001, 002, isipokuwa kufuli hili lina magurudumu mengi mno na sanduku linagombaniwa na watu wa dunia nzima.

Sasa kadi za michoro zinaingiaje hapa? Istilahi yetu inamchanganya mwanagenzi, kwa sababu inamfanya aulize michoro ina uhusiano gani na pesa. Haina. Lakini hebu tazama kazi ya kawaida ya kadi hiyo. Kioo cha kompyuta chenye vitone 1,920 kwa 1,080 kina vitone zaidi ya milioni mbili. Mchezo wa video unapochezwa, kila kitone hicho kinaweza kupakwa rangi upya mara 60 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya hesabu milioni 120 kila sekunde, hesabu ndogondogo zinazofanana. Ndiyo maana kadi ya michoro hutengenezwa ikiwa na vichakatishi vidogo kwa mamia na maelfu, vyote vikifanya jambo lile lile kwa pamoja. Kichakatishi kikuu cha kompyuta ni kama profesa: anaweza mengi magumu, ila moja baada ya jingine. Kadi ya michoro ni kama wanafunzi elfu mbili wa darasa la nne, kila mmoja akiwa na hesabu yake ya kujumlisha. Kwa kazi ya kusaga heshi, bora wanafunzi.

Watu waligundua hivyo mapema. Mwaka wa 2010 Laszlo Hanyecz, mwandaaji programu wa Florida, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchimba kwa kadi ya michoro. Ndiye yule aliyeingia katika historia mwezi Mei mwaka huo kwa kulipa bitcoin 10,000 ili aletewe piza mbili. Mwaka uliofuata, Con Kolivas, daktari wa nusukaputi nchini Australia, akaanza kuandika programu iliyoitwa cgminer, akaitoa bure pamoja na msimbo wake wote ili kila mtu auone. Kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa kinu cha wengi. Lakini kufikia 2013 zilikuwa zimekuja mashine maalumu zisizojua kazi nyingine yoyote isipokuwa kusaga heshi ya Bitcoin, na Kolivas mwenyewe akaliondoa tegemeo la kadi za michoro katika programu yake. Tangu hapo, mtu akikwambia anachimba Bitcoin kwa kadi ya michoro nyumbani kwake, ama hajui anachosema, ama anataka usijue wewe.

Kadi zilipata makao mapya kwa Ethereum, iliyozinduliwa Julai 2015. Waliobuni mtandao huo walitaka kuwazuia wenye mashine maalumu, wakatunga fumbo linalohitaji kumbukumbu kubwa. Ili ushiriki, kadi yako lazima ibebe jedwali kubwa la namba na kulisoma bila kukoma. Jedwali hilo lilianza likiwa na gigabaiti moja, na likawa linanenepa kidogo kidogo kila baada ya siku chache. Mwishoni mwa 2020 lilipita gigabaiti nne. Kadi zote zenye kumbukumbu ya gigabaiti nne zikafungiwa nje ya shindano, bila kuharibika hata skrubu moja. Mpwa wangu alilijua hilo, naye kwa fahari akaniambia, "Zangu ni za nane, mjomba." Alinunua kadi sita za mtumba, aina ya RX 580, akazipanga kwenye fremu ya mbao kama kuku kwenye kichanja.

Nilipomtembelea nilitarajia kuona kitu cha ajabu kwenye kioo. Niliona dirisha jeusi lenye maandishi yanayopanda. Hiyo ndiyo programu ya uchimbaji.

Majina yake ni mengi na ya kuchekesha: Claymore, PhoenixMiner, T-Rex, lolMiner, TeamRedMiner. Nyingine zinapendelea kadi za kampuni ya Nvidia, nyingine za AMD, lakini kazi yao ni moja. Programu huwasiliana na chama kupitia intaneti na kupokea ukurasa wa daftari unaotakiwa kusagwa. Huugawa kwa kadi, kila moja na eneo lake la kubahatisha ili zisirudie kazi. Hukusanya majibu, huyahakiki na kuyatuma. Wakati huohuo hutazama joto la kila kadi na kasi ya feni zake. Mchimbaji mwenyewe huandika mistari michache tu: anwani ya chama, anwani ya pochi yake ya sarafu, jina la mashine yake. Kuanzia hapo anakunywa chai. Kazi halisi ya binadamu ni kupunguza umeme unaoliwa na kadi bila kupunguza kasi, na hapo ndipo mpwa wangu alipokesha, akishusha volti hapa na kuongeza kasi ya kumbukumbu pale, mpaka kila kadi ikawa inasaga takriban heshi milioni 30 kwa sekunde.

Kama mwanaisimu, hapa nina neno. Tumezoea kusema "mchimbaji" kwa mtu na kwa programu pia, na vijana husema "mchimbaji amekwama" ukabaki hujui kama umpigie daktari au ubonyeze swichi. Kiswahili kina njia ya kutenganisha. Mtendaji tunampa -ji, chombo tunakipa ki- mwanzoni na -o mwishoni. Kinachochujia ni kichujio. Kinachochimbia basi ni kichimbio. Wapo watakaonuna, kama walivyonuna kwa tarakilishi, na wengine kwa ngamizi, na mimi mwenyewe siku hizi naandika kompyuta bila kuona haya. Lakini kivinjari kilipita, na leo hakuna anayekishangaa. Nakiweka kichimbio sokoni, wanunuzi wataamua.

Vichimbio vingi vya kadi havitozi pesa wakati wa kuvipakua. Vinajilipa kwa namna nyingine. Kwa sehemu ndogo ya muda, mara nyingi karibu asilimia moja, programu huacha kuchimba kwa ajili yako na kuchimba kwa ajili ya mtunzi wake. Asilimia moja ya saa ni sekunde 36. Mpwa wangu aliiita zaka. Nilimkumbusha kuwa zaka ni fungu la kumi, hili ni fungu la mia, na kwamba makanisani angalau unamwona mchungaji. Watunzi wa vichimbio hivi aghalabu hujificha nyuma ya majina ya kupanga, na wengi hawaonyeshi msimbo wao. Unamkaribisha nyumbani mgeni usiyemjua jina, unampa ufunguo wa umeme, unalala.

Wengine wamekaribisha wezi. Hila ya kawaida ni nakala bandia ya programu maarufu, ambayo inasaga vizuri kabisa, ila anwani ya pochi ndani yake si yako. Mwaka wa 2021 Nvidia ilianza kuuza kadi zilizopunguzwa makusudi kasi ya kuchimba Ethereum ili wacheza michezo ya video wapate za kununua. Februari 2022 ikazagaa programu iliyodaiwa kuondoa kizuizi hicho, na walioichunguza wakakuta ni ya kuingiza virusi. Kuna pia XMRig, kichimbio halali, cha bure, chenye msimbo wa wazi, kinachochimba sarafu ya Monero. Kosa lake ni uhodari. Wahalifu hukipachika kwa siri kwenye kompyuta za watu na seva za mashirika, na anayelipa stima si anayevuna. Ukiona kompyuta ya ofisi inanguruma kwa feni saa ambayo hakuna anayeitumia, mwite fundi.

Turudi kwa chama, kwa sababu ndicho kilichonipeleka kwenye kalamu nyekundu. Kadi sita za Githurai peke yake zingeweza kusaga muda mrefu mno zisifumbue fumbo hata moja. Ndiyo sababu ya kujiunga. Lakini chama kitajuaje kuwa unasaga kweli na hujalala? Kinakuwekea fumbo jepesi zaidi kuliko la mtandao mzima. Kila unapolifumbua hilo jepesi, unatuma jibu kama ushahidi. Jibu hilo halina faida ya moja kwa moja. Linaonyesha tu kiasi cha jasho lako. Mmoja wa wanachama akibahatika kulifumbua lile kubwa, malipo yanagawanywa kwa hesabu ya ushahidi huo. Mwanafunzi wangu ameuita ushahidi huo "hisa", na hapa pia nimemwekea alama ya kuuliza, maana msomaji wa kurasa za biashara atafikiri juu ya Soko la Hisa la Nairobi. Anayeishi Kericho au Kisii angeelewa haraka zaidi akiambiwa ni kilo. Mchuma chai hupimiwa kilo zake kituoni leo, zikaandikwa, hata kama chai yenyewe haijafika mnadani Mombasa. Sithubutu kupendekeza "kilo" katika kamusi, ila darasani nimekuwa nikiitumia na wanafunzi hawajanielewa vibaya hata mara moja.

Sasa nifike mahali ambapo neno "kuchimba" lilinigharimu.

Baba yangu angepewa sururu mbili na mikono minne, angetoa dhahabu mara mbili. Wachimbaji wa Ikolomani na wa Macalder wakiongezeka leo, dhahabu itakayotoka kwa mwaka itaongezeka, mpaka mwamba uishe. Katika sarafu hizi sivyo. Mtandao hupima kasi ya wasagaji wote, na wakiongezeka, unalifanya fumbo kuwa gumu zaidi ili kurasa zisitoke haraka kuliko ilivyopangwa. Bitcoin hufanya marekebisho hayo kila baada ya bloku 2,016, yaani karibu majuma mawili. Ethereum ilikuwa ikiyafanya kila bloku. Maana yake ni kwamba mashine zote mpya duniani haziongezi hata sarafu moja. Zinapunguza tu fungu la kila aliyekuwepo. Jirani yako akinunua kadi kumi, wewe umepoteza, hata kama hujaguswa. Hakuna mgodi wa namna hiyo chini ya jua. Kuna keki moja ya ukubwa ule ule inayokatwa kila siku, na foleni inayorefuka.

Tungekuwa tumeliita jambo hili "kubahatisha kwa umeme", nadhani ningeuliza maswali zaidi kabla ya kutia saini. Mtu huwezi kumkatalia kijana anayetaka kuchimba. Kuchimba ni kazi. (Wenzetu wa Tanzania, abiria wa mabasi ya mbali, wana "kuchimba dawa", ambayo ni kushuka kujisaidia kichakani. Nilipomweleza mpwa wangu hayo baadaye, alisema huenda hao ndio walioielewa biashara yake.)

Hesabu zilikuwa hivi. Kadi sita na vifaa vyake vilivuta takriban wati 900. Kwa saa 24 hizo ni uniti 21.6. Ukichukua shilingi 25 kwa uniti, ni shilingi 540 kwa siku, shilingi 16,200 kwa mwezi. Alipopanga mradi alitumia bei za Novemba 2021, wakati ether moja ilikaribia dola 4,800. Mashine ilipowaka mwezi Mei bei ilikuwa imeshaanza kuporomoka, na kwa siku alibaki na kama shilingi mia hivi baada ya kulipia stima. Katikati ya Juni ether ilikuwa karibu dola 1,000. Umeme ukawa unakula kuliko unavyozalisha. Siku moja akanitumia ujumbe, "Mjomba nisaidie tokeni." Mimi, niliyekuwa nimeanza kusoma mambo haya, nikajibu kwa kujigamba kwamba sina tokeni za mtandaoni. "Za stima," akaandika. Sijui lugha nyingine ambamo neno hilo moja lingeweza kutaja kile anachotafuta mtu na kile kinachomfilisi.

Hakuzima. Alisubiri bei ipande. Jambo ambalo hakulisubiri lilikuwa limetangazwa waziwazi kwa miaka, nami sikulijua kwa kuwa sikuuliza. Ethereum ilikuwa ikijiandaa kuacha uchimbaji kabisa.

Ilifanya hivyo Alhamisi, tarehe 15 Septemba 2022, siku mbili baada ya Rais Ruto kuapishwa Kasarani. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na kitu asubuhi kwa saa zetu. Kutoka bloku moja hadi inayofuata, mtandao uliacha kuwauliza watu wamesaga kiasi gani, ukaanza kuwauliza wameweka dhamana ya kiasi gani. Anayetaka kuandika ukurasa wa daftari sasa hufungia ether 32 kama amana. Akifanya udanganyifu, sehemu ya amana hiyo inachomwa. Matumizi ya umeme ya mtandao huo yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Mwanafunzi wangu ameutafsiri mfumo huo mpya kuwa "ithibati ya hisa". Hapa sikumwekea alama ya kuuliza. Nilikata na kuandika juu yake "ithibati ya dhamana". Hisa ni mali unayomiliki na unayoweza kuiuza kesho asubuhi. Dhamana ni mali yako iliyofungwa, usiyoweza kuigusa, na inayoweza kuliwa kwa kosa. Tofauti hiyo naijua. Akiba yangu ilikuwa imefungwa tangu Aprili.

Mpwa wangu hakukata tamaa siku hiyo. Kichimbio hakifungamani na sarafu moja. Unabadilisha mistari miwili mitatu ya maelekezo na kadi zile zile zinaanza kusaga fumbo jingine. Akahamia Ethereum Classic, kisha Ravencoin. Lakini kadi zote za dunia zilikuwa zimefukuzwa nyumba moja asubuhi moja, zikakimbilia vibanda vile vile. Ugumu ukapanda mara moja, fungu la kila mmoja likawa makombo. Mwezi wa kumi alizima.

Yapo mambo mabaya kuliko haya, na ni haki niyataje. Mpwa wangu angalau alikuwa na kadi. Wapo waliouziwa uchimbaji usiokuwepo: unalipa, unapewa ukurasa wenye namba zinazopanda kila siku, na hakuna mashine popote. Desemba 2019 waendesha mashtaka wa New Jersey, Marekani, waliwashtaki waendeshaji wa BitClub Network, mradi uliodai kuwauzia watu sehemu ya uchimbaji wa Bitcoin. Fedha zilizotajwa zilikuwa dola milioni 722. Programu ya simu inayokwambia inachimba huku betri yako haipati hata joto, jua kuwa haisagi chochote, maana kusaga ni joto.

Nimemrudishia mwanafunzi orodha yake. Bwawa limekuwa chama. Hisa mbili zimeondoka, moja ikawa ushahidi, nyingine dhamana. "Sarafu fiche" tumeibishania kwa saa nzima. Mimi nasema si fiche, kwa kuwa daftari la Bitcoin li wazi kwa yeyote kulisoma, na kilichositirika ni majina tu. Yeye anasema wasomaji wameshaizoea. Nimemwachia. "Kuchimba" pia nimemwachia, kwa sababu neno likishaingia kinywani mwa watu huwezi kulitoa kwa kalamu nyekundu, ila nimemtaka aongeze katika fasili kuwa wachimbaji wakiongezeka kinachopatikana hakiongezeki.

Kadi nne ziliuzwa kwa vijana wa michezo ya video, shilingi 7,000 kila moja. Moja iliungua. Ya sita iko kwenye kompyuta anayotumia mpwa wangu kuhariri video za arusi, kazi inayompa riziki siku hizi. Mkopo ni shilingi 7,900 kwa mwezi. Yeye analipa 5,000, mimi najazia zilizobaki.